Kamera ya video ya mtumba, miezi minane Kigoma: tazama tundu la maiki kabla ya zumu

Kamera hii niliinunua Mwanga, hapa Kigoma mjini, kwa shilingi 650,000. Ni ya mkononi, mtumba wa Marekani, na muuzaji aliinadi kwa jambo moja tu: "Kaka, cheki zumu, inavuta mara 1,500!" Namba yenyewe imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, nami nikaiamini. Baada ya miezi minane ya sendofu, harusi na maulidi, naweza kusema namba hiyo ndiyo isiyonisaidia hata kidogo.

Zumu ya kweli ni ya lenzi, vioo vinaposogea ndani. Yangu inavuta mara 32 na inatosha kabisa. Nikisimama ufukweni Kibirizi jioni, nawaona wavuvi wanavyopanga taa kwenye mitumbwi kabla ya kwenda kutafuta dagaa. Ukizidisha hapo, kamera inakuza nukta za picha tu, na uso wa mtu unakuwa kama umepakwa uji. Ingia kwenye menyu uizime hiyo ya kidijitali. Na ukivuta mbali weka stendi, maana kizuia mtikisiko kina mwisho wake.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa sendofu Ujiji, kwenye ukumbi wa tyubulaiti. Nilipofika nyumbani nikakuta video nzima inapepesa, mistari ya giza inapanda na kushuka. Nikataka kuirudisha dukani siku hiyohiyo. Bahati nzuri nilipita kwanza kwa fundi mmoja mzee wa video, akaigeuza geuza mkononi akasema, "Mdogo wangu, kamera nzima hii. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa hizi zinawaka na kufifia mara mbili, jumla mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona. Hii imepangwa kwa umeme wa Marekani, wa hezi 60." Akaitoa shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, kwenye oto, ilikuwa 1/60 ya sekunde, akaiweka 1/100 ilingane na taa. Tukaielekeza kwenye tyubulaiti ya ofisini kwake, mistari ikakata palepale. Mchana nje naiachia oto, usiku ukumbini hairudi huko. Gharama yake ni kwamba picha inapata giza kidogo, na ukiilazimisha kung'aa inajaa chenga, kwa hiyo natembea na taa yangu ndogo ya kuweka juu ya kamera.

Mistari ilikuwa na dawa. Sauti ya siku ile haina. Shangazi wa binti alisimama kumpa wosia, akamshika mikono yote miwili, akaongea polepole bila kipaza sauti, na wamama waliokuwa karibu wakaanza kulia. Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma, nimevuta zumu mpaka uso wake umejaa kwenye kioo, hata machozi yanaonekana. Ukiifungua leo unasikia feni, sahani na mtoto anayelilia soda. Zumu inasogeza picha tu, lakini maiki ya kamera inasikia kutoka pale uliposimama. Mama wa binti aliniuliza, "Mwanangu, wifi yangu alisema nini pale?" Nilikosa la kumjibu, na bado linaniuma.

Ndiyo maana leo mtu akiniomba ushauri namwambia afungue vile vifuniko vya mpira atafute matundu mawili, la maiki na la earphone. Kama la maiki halipo, aiache hata kama bei ni ya kutupa. Yangu inayo yote mawili, ingawa nilikaa nayo mwezi mzima bila kujua kazi yake. Sasa anayeongea nambania maiki ndogo kwenye nguo, na earphone haitoki sikioni mwangu mpaka amalize. Ufukweni maiki naivika sponji, maana upepo wa ziwa unanguruma kuliko injini ya boti.

Rangi nayo ina lake. Jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, oto inadhani ule wekundu ni kosa na kuufuta, ziwa linatoka rangi ya maji ya sabuni. Weka mizani ya weupe, ile sehemu ya menyu inayoiambia kamera nyeupe ni ipi, kwenye alama ya jua, utalipata Tanganyika lenyewe. Ukumbini naielekeza kwenye karatasi nyeupe kabla ya shughuli, basi.

Kadi haijanisumbua. Kwa ubora wa juu, megabiti 28 kwa sekunde, saa moja inakula karibu GB 12.6, hivyo kadi ya GB 64 inafika saa tano. Betri iliyokuja nayo ndiyo imechoka: dakika 40 imezima, na harusi za Ujiji haziishi kabla ya saa nane usiku. Nimeagiza kubwa yake Dar, ije na treni. Mpaka ifike, natembea na waya wa eksitensheni wa mita kumi, na kazi yangu ya kwanza nikiingia ukumbini ni kutafuta soketi iliko.