Taran Wanderer: kijana asiyejua ni wa kwa nani

Nimekipata kwa muuza vitabu vya mtumba Dar es Salaam, shilingi 6,000, jalada limechanika pembeni. Mimi ni fundi cherehani, nasoma usiku nikishafunga banda, na hiki nimekirudia mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Aliyekiandika ni Lloyd Alexander, Mmarekani, mwaka 1967. Ni cha nne kati ya vitabu vitano vya Prydain, nchi ya kubuni iliyochota sana kwenye ngano za kale za Wales. Taran ni msaidizi wa mchunga nguruwe, na hajui wazazi wake ni akina nani. Anampenda Eilonwy, binti wa ukoo wa kifalme, lakini hathubutu kumposa kabla hajajua yeye mwenyewe ni mtoto wa nani. Basi anatandika farasi, anaondoka kwenda kutafuta.

Swali hilo nimekua nalo. Nililelewa na bibi yangu Muheza, na kwenye kila msiba na kila posa hakukosekana mtu mzima wa kuuliza, "Huyu ni wa kwa nani?" Bibi alijibu neno moja: "Wangu." Kwa hiyo kila nilipofunua ukurasa niliogopa itatokea pete, au alama begani, na mchunga nguruwe ageuke mwana wa mfalme. Hadithi nyingi za namna hii huishia hapo, nami huona nimedhulumiwa: kijana kahangaika kitabu kizima, kisha sifa zote anapewa marehemu baba yake.

Alexander hakufanya hivyo. Taran anakutana na Craddoc, mchunga kondoo kilema, anayemwambia, wewe ni mwanangu. Urithi wenyewe ni kibanda kibovu na kondoo. Taran anabaki, anafanya kazi, na moyoni anaona aibu. Siku Craddoc anapoanguka korongoni, kijana anawaza, kwa kitambo kidogo tu, kumwacha huko huko. Anashuka kumwokoa, na huko chini mzee anakiri kwamba alimdanganya. Hapo nilifunga kitabu nikanyamaza. Nampenda mwandishi huyu kwa sababu hakumfichia kijana wake wazo lile baya.

Baada ya hapo ni mafundi, na mimi nilikuwa kwetu. Kuna Hevydd mhunzi, Dwyvach mfumaji na Annlaw mfinyanzi. Kwa Dwyvach, Taran anaanzia kwenye sufu yenyewe, anasokota nyuzi, anatandika mtande, yaani nyuzi za urefu wa nguo. Nguo imeshaendelea, anatambua kwamba mchoro alioupanga haumpendezi, na anafumua kazi yote. Aliyewahi kufumua koti lenye bitana usiku wa kuamkia harusi anajua mikono inavyokuwa mizito. Kwa mfinyanzi ndiko kunakouma zaidi: ufinyanzi ndio kazi aliyoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo mikono yake inakataa. Anaondoka na huzuni hiyo, na mwandishi haji na muujiza wa kumfuta machozi.

Ninalo la kulalamikia. Eilonwy karibu hayumo kabisa humu, na hadhi yake na uchawi wake vyote ni vya kurithi kwa mama. Mvulana kafunguliwa kamba ya ukoo, msichana kaachwa nayo. Ningependa naye apewe safari ya namna hii. Majina ya Kiwelisi nayo yanatatiza ulimi mwanzoni, ingawa Kiingereza chenyewe ni chepesi, mtoto wa darasa la saba aliyezoea kusoma atakimudu.

Cha tano, The High King, kilichopata Nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1969, nacho hakimpi Taran baba mfalme. Nimekisoma kwa kuazima na sitasema zaidi. Kama hujaanza, tafuta kwanza The Book of Three cha mwaka 1964, umjue Taran angali mtoto mwenye papara, ndipo umfuate hadi kwenye mtambo wa kufumia wa Dwyvach.