Casio fx-82MS na fx-991ES PLUS: kipi kinatosha kwa jaribio la dagaa?

Anayetaka kujua kama dagaa wa kichanja wanakauka vizuri kuliko wa mchangani hahitaji kompyuta. Kikokotoo cha mwanafunzi kinatosha, na kati ya hivi viwili fx-82MS ndicho cha bei ya chini. Tumevipitia kwa kazi hiyo moja tu: kupima mtawanyiko wa vipimo na kuamua kama tofauti ya wastani mbili ina mashiko. Mambo ya saini na kosaini tumeyaacha kwa wenyewe.

Chukua mfano huu, namba zake ni za kufanyia hesabu tu. Mzigo mmoja wa dagaa wabichi kutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, umegawanywa mafungu 10 ya gramu 500. Matano yameanikwa kichanjani, matano mchangani, yote yakapimwa tena jioni. Kichanja kimetoa gramu 148, 155, 143, 160 na 149. Mchanga umetoa 159, 152, 168, 156 na 165. Wastani wa kichanja ni 151, wa mchanga ni 160. Gramu 9 pungufu, kwa hiyo kichanja kimeshinda?

Subiri kwanza. Tazama ndani ya kichanja chenyewe: kutoka 143 hadi 160 ni gramu 17, na mafungu hayo yote yamekaa juu ya wavu uleule, jua lilelile. Dagaa hawalingani. Mzigo mmoja una wadogo na wakubwa, mara nyingine na watoto wa migebuka humo humo. Pembeni ya kichanja upepo unapita zaidi kuliko katikati. Fungu moja limetandazwa vizuri, jingine limerundikana. Kama mafungu ya upande mmoja yanatofautiana hivyo bila sababu unayoitafuta, gramu 9 kati ya pande mbili zinaweza kutokea kwa bahati tu. Hapo ndipo kikokotoo kinapoingia.

Kwenye fx-82MS bonyeza MODE kisha 2, uingie hali ya SD. Futa kwanza masalia ya hesabu za nyuma: SHIFT, MODE, 1, kisha =. Hatua hii watu wengi huiruka, halafu dagaa wa leo wanachanganywa na wa juzi. Andika 148 na ubonyeze M+, 155 na M+, hadi mwisho. Kila ukibonyeza, kioo kinaonyesha idadi ya vipimo vilivyoingia, nayo itazame, kwa sababu M+ ikibonyezwa mara mbili mfululizo inaingiza kipimo kilekile mara mbili bila kulalamika. Ukimaliza fungu la tano lazima usome 5. Ukisoma 6, futa uanze upya. Ni haraka kuliko kuwinda kosa.

Kisha SHIFT, 2. Zinatokea alama tatu: 1 ni wastani, 2 ni xσn, 3 ni xσn-1. Hizi mbili za mwisho zote ni mkengeuko sanifu, yaani namba inayosema vipimo vimetawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani, ila hazilingani. Ya pili inagawanya kwa 5, ya tatu kwa 4. Ya pili ni ya mtu aliyepima dagaa wote waliopo duniani. Wewe umepima mafungu matano tu, na wastani umeutoa kwenye mafungu hayohayo, kwa hiyo vipimo vinaonekana viko karibu na wastani wao kuliko vilivyo kweli. Kugawanya kwa 4 kunarekebisha upunjaji huo. Chagua 3. Kichanja kinatoa 6.595. Futa, ingiza vipimo vya mchanga kwa njia ileile, upate 6.519.

Zidisha kila mkengeuko kwa wenyewe: 43.5 na 42.5. Jumlisha upate 86, gawanya kwa mafungu 5 ya kila upande upate 17.2, tafuta kipeuo cha pili: 4.147. Hilo ndilo kosa sanifu la tofauti, pale pande zote mbili zinapokuwa na idadi sawa ya mafungu. Sasa 9 gawanya kwa 4.147 ni 2.17. Hii ndiyo t: pengo la wastani ni mara ngapi ya kosa sanifu. Nenda kwenye jedwali la t, digrii za uhuru 8 (5 na 5, toa 2), kiwango cha 0.05 kwa pande mbili: 2.306. Yetu haijafika, kwa hiyo bahati bado haijaondolewa.

Rudia hesabu ileile kwa kutumia xσn, yaani chaguo la 2. Kosa sanifu linashuka hadi 3.709 na t inapanda hadi 2.43. Imevuka! Dagaa ni walewale na gramu ni zilezile. Kidole kimeteleza kitufe kimoja, na tayari kuna ripoti inayotangaza kwamba kichanja kimethibitishwa. Hiki ndicho kitu ambacho maandishi madogo ya kwenye boksi hayatakwambia.

Kuhusu 0.05 yenyewe, usiiogope wala usiiabudu. Jedwali la t linatokana na kazi ya William Sealy Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, aliyeichapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia la Student; naye alikuwa na vipimo vichache kama sisi. Kizingiti cha 0.05 kilienezwa na Ronald Fisher kuanzia 1925, na ni mazoea tu. Maana yake ni nyembamba: kama kusingekuwa na tofauti yoyote kati ya kichanja na mchanga, pengo kubwa kiasi hiki au zaidi lingejitokeza kwa bahati mara ngapi? Kwa namba zetu ni kama mara 6 katika 100. Haisemi kwamba uwezekano wa kichanja kuwa bora ni asilimia 94, ingawa wengi huandika hivyo. Na neno letu “umuhimu wa kitakwimu” linapotosha kidogo: tofauti ya gramu 2 inaweza kuvuka kizingiti ukiwa na mafungu ya kutosha, na mchuuzi asione faida yake hata siku moja.

Kinachosaidia zaidi kuliko “imevuka, haijavuka” ni kuandika masafa ambamo tofauti halisi inaweza kuwemo. Zidisha 2.306 kwa 4.147 upate 9.56. Tofauti halisi inaweza kuwa popote kati ya karibu nusu gramu upande wa mchanga na gramu 18.6 upande wa kichanja. Ukiliona hilo unaelewa kwamba jaribio halijasema “hakuna tofauti”. Limesema mafungu hayatoshi. Kwa mafungu 10 kila upande, mtawanyiko na pengo vikibaki vilevile, t ingefika 3.07 na kizingiti kingekuwa 2.101.

fx-991ES PLUS inakuja na kioo kinachoorodhesha vipimo kwa safu, na kwa hilo tu inastahili sifa: ukiandika 1480 badala ya 148 unaiona na kuirekebisha papo hapo. MODE, 3, 1 ndiyo njia; kila kipimo unakifunga kwa =, ukimaliza AC, kisha SHIFT, 1, 4. Hapa alama sahihi ni sx (ndiyo xσn-1 ya fx-82MS), siyo σx. Inabeba mistari 80, au 40 ukiwasha safu ya marudio, inayosema kila kipimo kimejirudia mara ngapi. Ukibadilisha hali ya kikokotoo kila kitu kinafutika, kwa hiyo nakili majibu kwenye daftari kwanza.

Mtego wake uko kwenye menyu ya Distr, yenye P, Q, R na t. Hiyo t siyo ya Gosset. Inachofanya ni kuchukua kipimo kimoja, kutoa wastani na kugawanya kwa σx. Nazo P, Q na R ni za mgawanyo wa kawaida (normal), ambao haujui kwamba una mafungu matano tu. Ukiipitisha 2.17 yetu humo, pande zote mbili, unapata 0.03, nusu ya ile 0.06 ya kweli. Jedwali la t la karatasi bado linahitajika kwa vikokotoo vyote viwili.

Hakuna kati yao kinachoona mchanga pia. Dagaa walioanikwa chini wanabeba chembe, na mzani unapima chembe pamoja na samaki. Sehemu ya zile gramu 9 inaweza kuwa ufuko. Pepeta kabla ya kupima. Vilevile, kulipima fungu moja mara tano hakukupi mafungu matano, kunakupa tabia ya mzani wako tu. Na kipi kiende kichanjani kiamuliwe kwa kura, maana mkono hupenda kupeleka dagaa wazuri kwenye chanja mpya.

Kabla ya kulipa, iwe ni duka la Mwanga au la Ujiji hapo Kigoma, washa kikokotoo palepale kaunta na uingize 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7, 9. Wastani lazima uwe 5, σn iwe 2 kamili, na ile ya n-1 iwe 2.138. Kikitoa kingine na una hakika idadi imesoma 8, mrudishie muuzaji. Kwa shughuli ya mtu mmoja chukua 82MS. Kwa kikundi kinachopokezana kuingiza namba chukua 991ES PLUS, kwa sababu ya ile safu inayoonekana.