Nilinunua magofu, nikaletewa madirisha

Kabla ya yote, naomba aliyechora seti hii ya magofu madogo ya mbao, ya mchezo wa vita wa mezani, anijibu swali moja: askari anajifichaje nyuma ya ukuta ambao nusu yake ni matundu?

Sitaeleza ina vipande vingapi, mbao zake zina unene gani, wala sanduku linafananaje. Hayo yako kwenye ukurasa wao, pamoja na picha zilizopigwa kwa ustadi mkubwa, moshi wa bandia unafuka, kifaru kinachungulia konani. Picha hizo ndizo zilizoniingiza mkenge. Hakuna hata moja iliyopigwa kamera ikiwa usawa wa meza, pale mchezaji anapoweka jicho lake. Sasa najua kwa nini.

Kwa anayepita njia tu: huu ni mchezo wa vita wa mezani. Unapanga jeshi la sanamu ndogo, unapima mwendo kwa tepu, unarusha dadu kujua nani kapigwa. Katika mifumo mingi hakuna miraba ya kukuonyesha nani anamwona nani. Unainama, unaweka jicho nyuma ya kichwa cha sanamu yako, unatazama. Ukimwona adui, unafyatua. Usipomwona, kasalimika. Kwa hiyo ukuta ukiwa mezani ni kanuni iliyosimama wima, na ukuta mbovu ni kanuni mbovu.

Mechi ya kwanza na seti hii niliicheza mara tu rangi ilipokauka. Jeshi langu ni la mapanga na mashoka, halina shughuli yoyote kwa mbali. Jeshi la rafiki yangu ni bunduki tupu, limejipanga mstari mmoja, linasubiri. Mechi ya namna hii huamuliwa na mandhari. Chukua mchezo wa Warhammer 40,000: askari wa miguu wa kawaida hutembea kama inchi 6 kwa zamu, bunduki ya kawaida hufika inchi 24, na mechi nzima ni raundi 5. Kuvamia kwenyewe ni kurusha dadu mbili, yaani inchi 12 ukibahatika kupita kiasi. Piga hesabu mwenyewe mtu wa panga anahitaji zamu ngapi kuvuka uwanja, ukijua kwamba katika kila zamu anamiminiwa risasi. Kinachomfikisha ng'ambo akiwa hai ni majengo. Anatoka nyuma ya hili, anajibanza nyuma ya lile, anaibukia pale ambapo mwenye bunduki hana tena pa kurudi.

Nikawapanga vijana wangu nyuma ya gofu kubwa, lile la kuta mbili zilizokutana pembeni, fahari ya seti. Mwenzangu akainama. Akafumba jicho moja. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kucheka.

"Nakuona."

"Unamwona nani?"

"Wote, ndugu yangu. Wote."

Nikazunguka upande wake nikainama. Kweli bwana. Dirisha la ukuta wa mbele limekaa sambamba na dirisha la ukuta wa nyuma, na kizingiti chake, sikilizeni hili, kinaishia kwenye magoti ya sanamu. Si kifuani. Si kiunoni. Magotini! Kiongozi wangu, ambaye nilikesha nikimchora hadi mboni za macho, alikuwa amesimama katikati ya fremu kama picha ya pasipoti. Kofia inaonekana, bendera inaonekana, mkanda unaonekana. Kilichofichika ni viatu.

Karibu nusu ya jeshi langu ilirudi sandukuni kabla sijagusa dadu. Hapo wala sikukasirika, maana mwenzangu alicheza kwa kanuni, na mtu akionekana kaonekana. Hasira ilikuja nilipowaandikia wauzaji.

Niliandika kwa adabu. Nikasema: ndugu zangu, kazi ya mikono yenu ni nzuri, ila madirisha ya chini yamekaa vibaya, je, mna vipande vya kuzibia, au mnaweza kuniuzia kuta mbili tatu zisizo na matundu? Nikaambatanisha picha ya kiongozi wangu ndani ya fremu. Jibu lilikuja haraka, hilo nawapa. Lilisema: "Mpendwa mteja, haya ni mapambo ya meza. Kushinda au kushindwa hakutokani na mapambo."

Mapambo.

Yaani mtu anauza vifaa vya mchezo wa vita halafu anaita uwanja wa vita mapambo! Huyu angemwambia nini Georg von Reisswitz, ambaye mwaka 1812 alimpelekea Friedrich Wilhelm III, mfalme wa Prusia, meza nzima ya mchezo wa vita yenye vigae vya ardhi unavyovipanga na kuvipangua upate uwanja mwingine? Mfalme hakuletewa pambo la sebule. Mwanawe Reisswitz, alipotoa kanuni zake mwaka 1824, aliuhamishia mchezo kwenye ramani, na maofisa wakajifunza kusoma ardhi kabla ya kusoma adui. Hata mwandishi H. G. Wells, ambaye alikuwa akicheza na askari wa kuchezea na mizinga ya springi sakafuni, katika Little Wars ya mwaka 1913 aliweka kanuni kwamba mchezaji mmoja apange uwanja, na yule mwingine achague upande wa kupigania. Kanuni hiyo ipo kwa sababu moja: anayepanga vilima na nyumba huku akijua atakaa upande gani ameshinda kabla ya risasi ya kwanza. Nani huweka kanuni ya kuzuia wizi wa mapambo?

Au tuachane na historia, tuhesabu. Bolt Action, mchezo wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari hulenga kwa kupata 3 au zaidi kwenye dadu. Risasi 12 uwanjani pakiwa wazi, bila jambo jingine kuingilia, kwa wastani 8 zinapata. Adui akiwa nyuma ya kichaka namba ya dadu yako inapunguzwa moja, zinapata 6. Akiwa nyuma ya ukuta wa mawe inapunguzwa mbili, zinapata 4. Bunduki ni zilezile, mikono ni ileile, dadu ni zilezile. Ukuta umekula nusu ya mashambulizi yako. Na huo ni ukuta wa kuchungulia tu. Ukuta usioonyesha kitu haukupunguzii, unakunyima kabisa. Ndiyo maana wachezaji wenye uzoefu hugombania sentimita za mandhari kuliko wanavyogombania silaha. Meza tupu humpa ushindi mwenye bunduki ndefu anayeanza. Meza iliyojaa hadi kifaru hakigeuki humpa mwenye panga. Kazi ya mtengenezaji ni kutafuta katikati ya hayo, na katikati hiyo hupatikana kwa rula.

Kwa kuwa nimeshaanza, acha niseme na la ghorofa. Sakafu ya juu ya gofu imegundishwa, haitoki. Ndani kuna vyumba vizuri, ngazi ya kupendeza, hata kabati lililovunjika. Mkono wangu hauingii. Kumweka askari chumbani inabidi umshike kwa ncha za vidole viwili, umpitishe dirishani (hapo ndipo madirisha yalipopata faida!), halafu umwachie ukiomba asianguke. Mlango nao ni mwembamba kuliko kitako cha milimita 32, na askari wangu wengi wamesimama juu ya vitako hivyo. Najua kuna mifumo inayowaruhusu askari wa miguu kupenya kuta za gofu kana kwamba hazipo. Sawa. Lakini wakishapenya lazima wasimame mahali, na mahali penyewe ni ndani ya kisanduku kilichozibwa juu.

Sasa haki itendeke, maana nisipoisema hii nitakuwa mnafiki. Ndani ya seti kuna kilima. Hawakukitangaza popote, kimewekwa kama nyongeza. Kwa sura ni kibaya. Kimekatwa ngazi ngazi, bapa juu, kingo zimesimama wima, hakifanani na kilima chochote ambacho Mungu ameumba. Lakini kwa kucheza, jamani! Vile vilima vizuri vyenye mteremko laini ni adui wa sanamu: unaiweka, inateleza polepole, inalala kifudifudi, mkuki unakatika, halafu mnaanza kubishana ilikuwa imesimama wapi. Kilima hiki kila askari anasimama. Uko juu au uko chini, hakuna wa katikati, hakuna ubishi. Nyuma yake kikosi kizima kinapotea machoni. Aliyekibuni anacheza huu mchezo, naapa. Sielewi imekuwaje mtu huyo na mchora madirisha wakala mshahara kutoka mfuko mmoja.

Mechi iliyofuata tulikiweka katikati ya meza. Na kabla ya kupanga majeshi tulikubaliana kitu ambacho kwenye mashindano mengi hufanywa siku zote: madirisha na milango yote ya chini ihesabiwe imepigwa mbao, haonekani mtu wala hafyatui mtu kupitia humo. Ya juu yabaki wazi.

Ikawa mechi nyingine kabisa. Rafiki yangu mwenye bunduki alikitamani kile kilima, kwa sababu kutoka juu yake unatazama juu ya kuta fupi zote. Lakini kukifikia ilibidi avunje mstari wake, jambo ambalo simkumbuki akilifanya hata siku moja. Akatuma kikosi. Mimi nikateremsha watu wangu upande wa magofu, ukuta hadi ukuta. Kifaru chake kikajaribu kuja kusaidia kupitia uchochoro kati ya magofu mawili na kikakwama, kipana kuliko njia. Ilibidi kizunguke, na kuzunguka kulimla zamu mbili. Juu ya kilima tulikutana watu wachache wachache, mapanga kwa vitako vya bunduki, tumeinama wote wawili juu ya meza hatupumui. Alinishinda kwa alama moja. Niliondoka nikiwa na furaha ambayo mtu aliyeshindwa hastahili kuwa nayo.

Nikaanza kufikiria nyota tatu, hata nne. Magofu yaleyale, maana yake, yanatoa mechi tamu ukikubaliana kwamba madirisha si madirisha. Na kwa picha, seti hii haina mpinzani. Waliotembelea meza yangu wote wamesimama kuitazama kabla hawajaniamkia.

Halafu nikalifungua tena lile jibu lao. Kwa nini makubaliano hayo niyatafute mimi? Yangetosha maandishi ya mstari mmoja kwenye karatasi ya maelekezo: hesabuni madirisha ya chini yamezibwa. Karatasi yenyewe ipo, ina nafasi, imejaa maneno kuhusu namna ya kupaka kutu bandia. Tena vipande vya kuzibia wanavyo tayari! Leza inapokata dirisha, kile kipande kinachotoka kina umbo la dirisha lenyewe. Wanakitupa. Wangekiacha ndani ya fremu, mteja akichague mwenyewe: anayetaka tundu akitoe, anayetaka kinga akigundishe. Haiwagharimu hata senti. Kufikiria hivyo kunahitaji mtu aliyewahi kuinama kwenye meza akaweka jicho chini, na mtu huyo, nikikumbuka kilima, wanaye! Hawajamuuliza tu.

Kwa hiyo nyota moja. Hapana, nyota mbili, na ya pili ni ya kilima. Nikisema moja, mtu anaweza kudhani seti nzima ni takataka, na si kweli. Rangi inashika vizuri na viungio vinaingiana bila kulazimisha. Anayetaka seti ya kupigia picha anunue leo. Anayecheza mfumo ambao gofu zima huhesabiwa halionyeshi upande wa pili, hata likiwa na matundu, pia hana la kuhofia, kwake madirisha haya ni urembo mtupu na huenda akaniona mzushi. Ila kama mchezo wako unatumia jicho, na jeshi lako linatembea kwa miguu, andaa kadibodi na gundi kabla hujafungua rangi. Mimi ya kwangu nimeshayaziba yote ya chini, nikayachora mbao na misumari juu yake, na wageni wanasema yamependeza zaidi.

Nimewaandikia tena wiki hii nikiuliza kama kilima kinauzwa peke yake, maana nahitaji kingine cha upande wa pili wa meza. Safari hii hawajajibu.