Mita ya elfu 15 ya pale Mwanga, nimeshanunua ya pili

Niseme kabisa mimi sio fundi, nauza mawese hapa Mwanga Kigoma, na umeme nilioujua ni ule wa fizikia ya form two ambao nao niliukimbia. Ila nyumbani nyuma ya mlango kulikua na makaburi ya vitu, pasi mbili, ekstensheni, heta ya maji, vyote vimekufa na vyote "navipeleka kwa fundi wiki ijayo" tangu mwaka juzi. Mwezi wa tatu nikasema ngoja ninunue mita ya kupimia umeme (multimeter), ile ndogo ya njano yenye kitufe kikubwa cha kuzungusha katikati na nyaya mbili nyekundu na nyeusi. Nikaanziwa elfu 20 nikaondoka nayo kwa 15,000, betri yake ya volti 9 imo ndani. Karatasi ya maelezo pia imo ila Kichina kitupu, kwahiyo mwalimu wangu alikua YouTube na bando lililoteketea hapo sihesabu.

Nikaanza na pasi. Kitu nilichokua sijui ni kwamba pasi nyingi hazifii ndani, zinafia shingoni, pale waya unapoingilia, maana ndo panapokunjwa kila siku. Unachomoa plagi ukutani kwanza (hili sirudii tena, chomoa), unaweka mita kwenye alama ya kengele, ncha moja unagusa mguu wa plagi, nyingine kule waya ulipofungwa ndani ya pasi, ikilia ujue njia ipo, ikinyamaza umekatika. Yangu ilikua inalia nikiukunja waya kushoto, nikiuachia kimya! Aisee nilicheka peke yangu. Nikakata kama shubiri moja, nikamenya, nikafunga upya kwenye skrubu zake, na sio kuunga na tepu maana joto la pasi litaiyeyusha. Sijatoa hata mia. Hasara ni kwamba waya umebaki mfupi, mke wangu anapiga pasi kama mbuzi aliyefungwa kwenye soketi na ananikumbusha kila asubuhi.

Pasi ya pili waya ulikua mzima kabisa na hapo ndo ile fizikia ikanifuata mpaka sebuleni. Pasi imeandikwa wati 1000, umeme wetu volti 230, unazidisha 230 kwa 230 halafu unagawa kwa 1000, inakuja karibu omu 53, ndo ukinzani wa koili yake (ule waya wa ndani unaotoa joto), kwahiyo ukiweka mita kwenye omu 200 ukagusa ncha mbili za koili inatakiwa isome 50 na kitu. Yangu ikaleta ile 1 peke yake upande wa kushoto, maana yake koili imekatika, na koili ya pasi imezikwa ndani ya bamba lenyewe huwezi kuifukua. Nikaiuza skrepa. Ila nilifurahi bwana, kwa sababu pasi hiyohiyo ningeibeba kwa fundi, ikae kwenye shelfu wiki tatu, nipigwe kalenda, ndo niambiwe haifai.

Feni ya bi mkubwa kule Ujiji ndo ilinionyesha mwisho wa hii mita. Feni inanguruma haizunguki, ukiisukuma kwa mkono inaanza mdogo mdogo. Nikapima koili za mota zote zinasoma, waya mzima, swichi nzima, nikakwama siku mbili. Nikampitia fundi mmoja mzee, nikamwamkia nikaanza kumwelezea, hajanyanyua hata macho kwenye redio aliyokua anafungua, "Kijana, ukiisukuma inaenda?" Nikasema ndio mzee wangu. "Sasa si ukanunue kapasita." Na kweli, kapasita ni kile kidude kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka, ya feni ile ya kusimama imeandikwa 1.5 ubavuni, shilingi 3,000, nyaya mbili tu. Mita ya aina hii haina sehemu ya kupimia kapasita, ukitaka hiyo andaa hela zaidi. Na kabla hujaishika kapasita ya zamani gusanisha miguu yake na bisibisi yenye mpini wa plastiki, inaweza kuwa na umeme hata kama feni umeichomoa.

Sasa kwanini nimenunua ya pili. Hapa kosa langu ila na mita nayo ina lake. Chini ina matundu matatu, la nyeusi, la kupimia karibu kila kitu, na moja limeandikwa 10A. Jirani aliniomba nimpimie ampea za sola yake, nikahamishia waya mwekundu kwenye hilo la 10A, nikamaliza nikasahau kuurudisha. Kesho yake naenda kupima soketi ya ukutani. Yaani lile tundu ndani ni kama waya mtupu, kwa hii ya kwangu halina hata fyuzi, kwahiyo nilichofanya ni kugusanisha waya wa moto na wa baridi wa soketi kwa mikono yangu. Mlio kama baruti, mwanga wa bluu, breka ikaruka, ncha za mita zikayeyuka, na mimi nimesimama na vipande viwili vya waya nanuka moshi. Watoto walidhani ni mtungi wa gesi. Tangu siku hiyo kabla sijagusa ukuta naangalia waya mwekundu uko wapi, naangalia tena, na soketi za ukutani nimepunguza kiherehere.

Malalamiko mengine madogo, nyaya zake laini mno, mmoja umechomoka shingoni (kama pasi tu), haina taa kwahiyo umeme ukikatika usiku husomi kitu, na ukisahau kuizima inakula betri. Nyota tatu na nusu. Ukienda kununua hakikisha ina ile alama ya kengele, ipo inayofanana nayo kila kitu ila haina na muuzaji atakwambia ni zilezile.

Heta na ekstensheni zimepona. Sasa hivi nina blenda ya shemeji tangu Jumapili, skrubu zake zina pembe tatu, bisibisi yangu haiingii hata kwa kubembeleza, anayejua bisibisi hiyo inapatikana duka gani hapa Mwanga aniambie kabla shemeji hajaja kuiulizia.