Bendi imerudi, nyimbo zingine wameziacha nyumbani: usiku wa zilizopendwa Kisumu

Nianze na bei ndio wenye haraka wapite. Kuingia ni mia tano getini, mia nne ukituma mapema kwa M-Pesa, soda mia moja, bia imepandishwa kidogo kuliko town, na ngege wa kukaanga na ugali anaanzia mia saba kulingana na vile samaki amenona. Kwa hiyo pesa muziki ulikuwa mzuri. Sijasema mzuri sana, nimesema mzuri, na hapo katikati ndio kuna maneno, kwa sababu watu walitoka pale saa saba usiku wakiwa wamecheza mpaka mashati yameloa na bado wananung'unika njia yote mpaka kwa tuktuk.

Mahali sitaji kwa vile nina malalamiko yangu hapo chini na sitaki kupigiwa simu, jua tu ni garden moja ya upande wa kwenda Dunga, yenye miti mikubwa na viti vya plastiki. Bendi pia naiacha hivyo hivyo, wa Kisumu mtaijua. Ni wale wazee waliokuwa wanapiga kwa mahoteli ya town miaka ya tisini, wakaja wakakosana mambo ya pesa kama kawaida ya bendi, mmoja akaenda Nairobi, mwingine akaokoka akawa anapiga kanisani, mwingine akarudi shamba Siaya, sasa wamerudiana wanne wa kwanza pamoja na vijana wawili, mmoja wa kinanda na mmoja wa drami.

Na msishangae watu kujaa. Zile bendi zenyewe ambazo hawa walikuwa wanaziiga hazirudi tena. Les Wanyika ilitoka kwa tumbo la Simba Wanyika 1978 wanamuziki walipohama, halafu kwa Simba Wanyika George Kinyonga akafariki 1992, ndugu yake Wilson 1995, na John Ngereza wa Les Wanyika akafuata 1999. Sasa wewe mpenzi wa huo muziki unabaki na nini? Santuri, redio Jumapili, na wazee kama hawa ambao walizishika hizo nyimbo wakati moto ulikuwa bado uko. Ndio maana mtu anatoka Kakamega na Busia kuja kukaa kwa kiti cha plastiki.

Kitu cha kwanza cha kusifu ni mzee wa gitaa la rithimu. Anapiga akiwa ameketi, waya wa gitaa umefungwa selotepu mahali pawili, na haangalii mtu. Walipoanza Sina Makosa nilisogea mpaka karibu na jukwaa nimwangalie mkono, kwa sababu huo wimbo watu husifu sauti lakini mwenye kuubeba ni Omar Shabani wa Les Wanyika na ile rithimu yake, ile inayokimbia chini chini bila kuchoka. Huyu mzee anaipata. Kiganja cha mkono wa kulia amekilaza kidogo tu kwa nyuzi, sauti inatoka kavu, fupi fupi, haivumi, na hata mwimbaji akichelewa kuingia yeye haharakishi wala hapunguzi. Mama mmoja alikuwa amesimama kando yangu na sahani ya samaki mkononi akasema, "Huyu mwachieni peke yake mzime wengine," na sikuwa na la kuongeza.

Sasa shida. Wimbo ulifika pale mwimbaji anamaliza maneno, mpiga solo akapanda juu ya shingo ya gitaa kutafuta ile sehemu ya kucheza, watu wakaanza kusukuma viti nyuma, wengine walikuwa washasimama nusu mguu mmoja ndani mwingine nje ya meza, na kijana wa kinanda akafunga. Drami ikapiga pwaa, mwimbaji akasema "asanteni sana Kisumu," basi. Watu wamesimama hivyo hivyo kama wamesahau kitu walichoendea. Tukadhani ni bahati mbaya. Ikaja Shauri Yako, ikawa hivyo. Ikaja Sikujua Utabadilika, ikawa hivyo hivyo. Kila wimbo dakika nne, tano, shwaa, umekatwa.

Kwa wale vijana ambao hamjui, hizi nyimbo zilikuwa zinatoka kwa ile santuri ndogo yenye pande mbili, wimbo mmoja unagawanywa, upande wa kwanza hadithi na sauti, upande wa pili magitaa yanaachiliwa. Redioni mara nyingi ulikuwa unapigwa upande wa kwanza peke yake kwa sababu ya muda, lakini kwa baa na kwa harusi hakuna mtu alikuwa anakubali santuri isigeuzwe. Bendi ya kupiga laivu haina hata haja ya kugeuza, ni kuendelea tu! Ukinipigia upande wa kwanza nikiwa nimekuja na miguu yangu kutoka Nyalenda, wewe umekuwa redio na mimi nimelipa mia tano ya redio.

Hapo ndipo mjadala wa meza ukaanza, na ukweli nilifurahia mjadala karibu kama muziki wenyewe. Meza yetu ilikuwa na watu wawili wa salamu, wale wa kutuma kadi redioni tangu enzi za Sauti ya Kenya, na hao ukiwauliza wimbo gani ulikosekana wanakupa na jina la mpiga besi. Mmoja, mzee wa reli aliyestaafu, alikuwa anataka Charonyi Ni Wasi ya Maroon Commandos peke yake, hakuna kingine. Kila wimbo ukiisha anasema, "sasa hii itakuwa ni Charonyi." Haikuwa. Mwenzake akamwambia jaduong', angalia jukwaa, unaona tarumbeta? Unaona saksafoni? Ile ni bendi ya jeshi, Habel Kifoto alikuwa na mabati ya kupuliza nyuma yake, hawa watapuliza nini, chupa? Mzee akasema kinanda kinaweza. Hapo nikakataa. Afadhali waiache kuliko tusikie ile tarumbeta ikilia kutoka kwa kinanda kama king'ora cha ambulensi.

Kulikuwa na dada mmoja wa Migori, yeye shida yake ilikuwa Samba Mapangala. Ati nyimbo za bendi yake Virunga hazikuguswa hata kidogo, si Malako si Vunja Mifupa, na hizo hazihitaji tarumbeta kwa lazima, zinahitaji besi yenye adabu na watu wa kuitikia. Huyo nilimuunga mkono kabisa. Vunja Mifupa ingefungua hiyo garden ikae kama Krismasi, na besi ya hawa wazee inaweza, nilimsikia jamaa kwa ule wimbo wa Afro, hakukosea mahali. Wakaacha Vunja Mifupa wakatupigia Jambo Bwana. Jambo Bwana! Kisumu! Wimbo wa Them Mushrooms wa 1982 wa kukaribisha wageni wa pwani, na sisi hapo wageni ni nani, labda wale wazungu wawili wa meza ya mbele ambao hata hao walikuwa wanauliza weita kama kuna rumba.

Vijana wa nyuma walikuwa na wimbo wao mmoja, mnaujua. "Kasongo! Kasongo!" Usiku mzima. Sasa huo wimbo wa Super Mazembe ni wa mwanamke anamlilia mume wake arudi nyumbani, umelala huko kwa Kilingala tangu miaka ya sabini bila shida na mtu, halafu kuanzia mwisho wa 2024 Wakenya wakaugeuza jina la kumtania rais, na sasa ukiupiga mahali watu wamekunywa hujui kama wanacheza au wanaandamana. Mwimbaji akacheka akasema "hiyo tutapiga tukiwa Tanzania." Meza yetu iligawanyika. Wengine wakasema ni uoga, wengine wakasema mwenye garden ana leseni ya kulinda. Mimi naona walikosa nafasi tu, kwa sababu Kasongo ndio wimbo mmoja ambao mtoto wa miaka kumi na tisa na babu yake wanaujua wote, na wenyewe wangeupiga mpaka mwisho wale vijana wangechoka na siasa wakabaki na kucheza.

Kwa benga, ule muziki wa magitaa wa Wajaluo, sasa hapo lazima niseme kwa sauti. Hakuna benga hata moja. Najua watasema sisi ni bendi ya Kiswahili, ya rumba, benga ina wenyewe. Sawa, sijasema mpige D.O. Misiani, vile vidole vya bendi yake Shirati Jazz si vya kuokota barabarani. Lakini Ochieng Kabaselleh je? Huyo alikuwa mtu wa kuchanganya, rumba huku benga huku, Kijaluo na Kiswahili ndani ya wimbo mmoja, bendi yake Luna Kidi ilikuwa imekaa kabisa kama bendi hii inavyotaka kukaa. Wangeweka moja tu ya Kabaselleh katikati ya raundi ya pili, kina mama wa meza ya harambee pale kushoto wangepanda jukwaani. Na jamaa wa Kakamega naye alikuwa na lake, Mukangala ya Jacob Luseno ama basi hata Helule Helule ya Daudi Kabaka, ambayo akatukumbusha Waingereza waliipenda mpaka Tremeloes wakaiimba 1968 ikaingia chati zao, "na sisi wenyewe huku kwetu hatuisikii." Twisti ni dakika tatu tu, huwezi hata kusema imekatwa.

Lakini hizo zote ni za watu. Wimbo ambao watu waliulilia kabisa, na hapa meza zote mpaka ya wazee wa jukwaa la nyuma walikubaliana, ni ule wao wenyewe. Hii bendi walikuwa na nyimbo zao chache kwenye kanda iliyokuwa inauzwa pale karibu na steji ya basi, na mmoja ulikuwa wa mke wa mvuvi anangoja taa za omena usiku akihesabu mitumbwi inayorudi. Wa kwetu kabisa, mambo ya ziwa, na solo yake inaanza polepole halafu inaruka. Sina kanda hiyo tena, ilikwama kwa redio ya gari la mtu. Watu walikuja na huo wimbo kichwani. Sina Makosa kila bendi ya hoteli kutoka Kisii mpaka Malaba inaweza kukupigia ukilipa, lakini huo wa mvuvi hakuna mwingine duniani ataupiga hawa wasipoupiga.

Raundi ya pili ilipokuwa inaisha watu wakaanza kuuimba wenyewe kutoka kwa meza, mstari wa kwanza, bila gitaa. Mzee wa rithimu akainua kichwa mara ya kwanza usiku huo, akaangalia mwenzake wa solo, mkono ukaenda kwa nyuzi, nikaona hii imeingia. Mwimbaji akashika maiki akasema muda umeisha, akatangaza Malaika. Tukaimba Malaika, tungefanya nini.

Sababu mpaka leo watu wanabishana. Weita alituambia mtunzi wa huo wimbo si kati ya wanne waliorudi, na wanamheshimu hawataki kuimba bila yeye. Kama ni hivyo naelewa, hayo ni mambo ya utu. Dada wa Migori akasema hapana, ni vijana wa kinanda na drami hawaujui, mazoezi yalikuwa ya nyimbo za YouTube ambazo mtu anaweza kujifunza kwa simu. Mimi naegemea kwa huyo dada. Nimeangalia vile nyimbo zilikuwa zinakatwa, ni kijana wa kinanda alikuwa anakata, na alikuwa anakata pale pale ambapo hakuna maneno ya kufuata, yaani pale anatakiwa kusikiliza wazee na kuwafuata. Hajafundishwa hapo. Hiyo ni kazi ya wazee kumkalisha chini wiki moja, dawa ndogo sana.

Mengine haraka. Saundi nzuri mbele, mbovu kando ya baa, spika moja ilikuwa inakwaruza usiku mzima na hakuna mtu aliigusa. Samaki mtamu, kachumbari ilikuwa na pilipili ya ukweli, ila tulingoja saa nzima na zaidi, na bili ilikuja na soda mbili ambazo hatukunywa, nikarudisha, wakatoa bila ubishi. Choo cha wanaume, sina maneno. Taa ya jukwaani iliita wadudu wa ziwa wote wa Winam, mwimbaji alimeza mmoja katikati ya Shauri Yako na hakukatisha, huyo ni mwanamuziki.

Wanasema watapiga tena mwisho wa mwezi. Nitaenda, na nawapa nyota tatu na nusu, ya nne inangoja upande wa pili wa santuri. Ukienda kaa upande wa kulia wa jukwaa ndio umwone mzee wa rithimu na uwe mbali na ile spika, agiza samaki kabla bendi haijaanza, na wimbo unaoutaka andika kwa karatasi umpe mzee mwenyewe wakati wa mapumziko, si weita, kwa sababu za kwetu zote tulizompa weita nilizikuta chini ya trei yake nikienda kulipa.