Hema, baiskeli na mizabibu: uanze na mto upi Ujerumani na Austria

Kama una wiki moja ya likizo, fedha za safari moja, na hujawahi kulala hema Ulaya, nenda mto Mosel, Ujerumani. Nalisema mapema kwa sababu wengi huniuliza kuhusu Rhine, jina walilolisikia tangu shuleni, kisha wanarudi hawajalala. Mito minne ya nchi ya mvinyo nimeipanga hapa kwa macho ya mtu anayebeba hema lake kwenye baiskeli. Anayelala hotelini angeipanga vingine.

Nambari moja: Mosel, kutoka Trier hadi Koblenz

Njia ya baiskeli ni kama kilomita 200, na karibu yote ni tambarare. Ndege angeruka nusu tu ya masafa hayo. Ni mto unaojipinda kama nyoka aliyeshiba, hata kijiji ulichokiacha asubuhi unakiona tena mchana ng'ambo ya kilima. Siku tano zinatosha. Kilomita 40 kwa siku, hata mtoto wa miaka kumi anazimudu, na jioni inabaki yako.

Tangu 1964 mto huu umewekewa malango ya kupandisha na kushusha meli, ndiyo maana maji yametulia kama ya bwawa. Viwanja vingi vya kambi ni nyasi zinazoteremka hadi ukingoni. Unapiga hema, unavua viatu, miguu iko majini. Mbele yako mlima mzima ni mizabibu. Mtu wa Dodoma aliyezoea kuiona kwenye ardhi tambarare atasimama ashangae: kule Bremm, kwenye mteremko wa Calmont, imepandwa kwenye genge lenye mwinamo unaofika nyuzi 65, na wavunaji hupanda kwa kijireli kimoja chembamba. Ardhi yenyewe ni mawe ya kijivu yanayopasuka kama vigae. Mchana yanakunywa jua, usiku yanalirudisha, na hivyo zabibu aina ya Riesling zinaiva kwenye baridi ambayo isingeziruhusu mahali pengine. Gusa jiwe moja saa mbili usiku utaelewa.

Alfajiri ni habari nyingine. Ukungu unalala juu ya maji na hema linalowa kana kwamba limefuliwa. Usiondoke saa kumi na mbili ukalikunja bichi. Subiri jua livuke mlima, kunywa chai yako, kisha ufunge.

Jambo moja linalowakwamisha wageni: reli haifuati mto njia nzima. Kati ya Koblenz na mji mdogo wa Bullay treni iko karibu nawe kwa sehemu kubwa, lakini kati ya Bullay na Trier inakata nchi kavu, na Bernkastel-Kues, mji mzuri kuliko yote njiani, hauna stesheni. Goti likigoma hapo, utahitaji basi lenye trela ya baiskeli, linaloenda kati ya Trier na Bullay wakati wa msimu. Weka nafasi ya baiskeli mapema, hasa wikendi. Epuka pia Bernkastel wikendi ya kwanza ya Septemba, maana kuna sikukuu kubwa ya mvinyo na nyasi zote zinajaa.

Viwanja vingi hufunguliwa takriban Aprili hadi Oktoba. Wakati wa baridi mto hufurika; ukipita Cochem tazama alama za maji kwenye kuta za nyumba, nyingine ziko juu ya kichwa chako.

Nambari mbili: Danube, bonde la Wachau, Austria

Kwa uzuri peke yake Wachau ingeongoza. Lakini ni fupi: Melk hadi Krems ni kama kilomita 36 tu, kwa hiyo uichukue kama sehemu ya safari ndefu ya Passau hadi Vienna, kama kilomita 320. Pita ukingo wa kusini wenye magari machache, lala Rossatz, na ng'ambo utaona Dürnstein na magofu ya ngome alikofungwa mfalme Richard wa Uingereza mwishoni mwa 1192. Kati ya Spitz na Arnsdorf kuna kivuko kinachosukumwa na mkondo wa mto wenyewe, bila injini. Ukifika Julai utakuta aprikoti zikiuzwa barabarani. Nunua nusu kilo, si zaidi, kwa sababu zikipondeka kwenye begi la baiskeli utanuka wiki nzima.

Nambari tatu: Main, upande wa Würzburg

Huu ni mto wa familia. Pale mto unapojipinda, karibu na mji wa Volkach, kuna viwanja vya kambi, vivuko vidogo na vilima vya chini. Mandhari ni ya upole, hayakushtui. Mvinyo wa Silvaner hapa hutiwa kwenye chupa bapa ya duara, ambayo, niamini, inakaa vizuri kwenye begi la baiskeli kuliko chupa yoyote.

Nambari nne: Rhine, kati ya Bingen na Koblenz

Ngome kila kona, jabali la Loreley, yote kweli. Lakini reli ziko kingo zote mbili na treni za mizigo hupita usiku kucha, mita chache kutoka kwenye mto wako wa kichwa. Ipite mchana, kalale kwingine. Ukishikilia kulala, nunua vizibo vya masikio kabla ya kununua kitu kingine.

Fedha uzipeleke wapi

Kwenye hema na godoro la kupuliza kwanza, baiskeli baadaye. Baiskeli ya kawaida ya kukodi inatosha kabisa kwenye tambarare hizi. Ya umeme ni ya lazima tu ukitaka kupanda kwenye mizabibu yenyewe. Chukua vigingi vya chuma, maana vya plastiki vinavunjika kwenye ardhi yenye kokoto. Beba sarafu, kwani viwanja vingi hutoza maji ya moto ya kuogea. Na uliza saa za mapumziko ya mchana: mahali pamoja kando ya Mosel nilifika saa saba na nusu, lango limefungwa hadi saa tisa, mvua inanyesha, na mtu wa ofisini akanitazama kupitia kioo.

Kulala nje ya kambi usijaribu. Kwa jumla hairuhusiwi. Kuhusu pombe, baiskeli nayo ina sheria: Austria kikomo cha pombe kwenye damu ni 0.8 kwa elfu, Ujerumani ukifika 1.6 ni kosa la jinai, na ukianguka au kugonga unaweza kushtakiwa kuanzia 0.3. Asiyekunywa hakosi kitu, kwani wakulima wengi huuza juisi ya zabibu zao wenyewe, omba Traubensaft.

Wanaoomba viza ya Schengen kutoka Dar au Nairobi wasitegemee uzuri wa kufika bila kuweka nafasi. Ubalozi unataka kuona utalala wapi kila usiku. Waandikie wenye viwanja barua pepe, omba uthibitisho wenye jina lako na tarehe, uchapishe, uuambatishe na bima ya afya ya angalau euro 30,000.