Arma 3, Sandstorm au Squad: pesa yako iende wapi?

Kama unataka gemu ya vita inayokaribia vita vyenyewe, si zile za kurukaruka na kuua watu ishirini bila hata jasho, mimi naweka Arma 3 namba moja. Bei yake ya kawaida kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni kama dola 30, yaani laki moja na kitu za Uganda, lakini usiinunue hivyo, ngoja ipunguzwe maana nimeshaiona chini ya dola 10, na hapo hata usiulize.

Ina kampeni, ina edita ya kutengeneza misheni zako mwenyewe, kwa hiyo bando ikiisha unaendelea tu, na kisiwa chake cha Altis kimechorwa kutokana na Lemnos ya Ugiriki, unaweza kutembea lisaa lizima hujaona adui. Shemeji yangu alikuwa jeshini na hizi gemu huwa anazicheka, siku moja akanikuta nimepanda mlima mbio nimelala chini namlenga mtu wa mita 400, bunduki inayumba kwa kuhema, risasi ya kwanza ikapiga vumbi mbele yake. Hakucheka. "Pumua kwanza, halafu panga saiti yako." Nikabonyeza Page Up kupandisha saiti ya bunduki, nikangoja, nikafyatua, yule adui akaanguka. Ubaya ni vitufe banange, vingi mpaka kichwa kinauma, na gemu ni ya 2013, inaonekana.

Ya pili Insurgency: Sandstorm, nayo dola 30 hivi. Haikuhesabii risasi zilizobaki, na ukibadili magazini kwa pupa ile ya zamani unaitupa na risasi zake zote. Mnaweza kuwa wanane dhidi ya kompyuta, mechi ni fupi, inafaa kama umeme wa kwenu ni wa kubahatisha.

Squad ndiyo tamu kuliko zote, wachezaji 50 kwa 50, mnaongea kwa maiki, lakini dola 50 halafu seva nyingi ziko Ulaya huko na bila intaneti nzuri umenunua picha. Kopi za wizi za flashi za mjini kwa hii usijaribu, seva haikupokei.

Mwenye PS5 au Xbox Series X/S, Arma 3 hupati, chukua ndugu yake Arma Reforger.

Steam wanarudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza masaa 2, sasa kwa Arma usiyamalize yote ukitafuta kitufe cha kulala chini.